Kuzungusha Hewa Si Kubadilisha Hewa

Katika wodi aliyolazwa bibi yangu palikuwa na bango ukutani: KINGA NI BORA KULIKO TIBA. Chini ya bango hilo palikuwa na dirisha pana la vioo. Dirisha lilikuwa limefungwa, na kishikio chake kilikuwa kimeng'olewa ili mtu yeyote asilifungue.

Nililala katika wodi hiyo usiku tisa, juu ya mkeka, kando ya kitanda cha bibi, kama wanavyolala wengi wanaouguza ndugu zao katika nchi yetu. Ilikuwa hospitali ya binafsi mjini Kampala, jengo jipya, sakafu inang'aa. Ukoo mzima ulichanga fedha kumtoa bibi Kisoro na kumleta pale. Tulipoingia, mjomba alikitazama kiyoyozi ukutani akasema, "Hapa sasa ni hospitali." Sote tulikubaliana naye.

Kitanda cha tatu kutoka kwetu alilala mzee mmoja aliyekohoa usiku kucha. Usiku wa pili nilimwendea muuguzi wa zamu. "Sista, naomba tufungue dirisha kidogo." Alinijibu kwa upole kabisa, "Nnyabo, ukifungua, baridi ya mashine itatoka yote." Siku ya sita majibu ya makohozi ya yule mzee yalitoka, naye akahamishwa. Alikuwa na kifua kikuu. Habari hiyo hatukupewa na daktari. Tulipewa na mfagizi.

Miezi minne baadaye binamu yangu, ambaye tulikuwa tukipokezana naye zamu ya kulala pale, alianza kukohoa. Alimeza dawa miezi sita akapona, lakini alipoteza muhula mzima wa masomo. Je, aliambukizwa katika wodi ile? Siwezi kuthibitisha, na hospitali yenyewe sitaitaja. Huenda aliambukizwa kwenye taksi, kanisani au hosteli. Hiyo ndiyo nafuu waliyo nayo wajengao vibaya. Maji machafu huonekana kwa macho, na nyama iliyooza hunuka, lakini hewa yenye vijidudu haiachi alama ya kumshtaki mtu.

Basi simshtaki mtu. Nashtaki fikra. Fikra hiyo inasema kwamba hospitali ya kisasa ni ile iliyozibwa madirisha na kuwekwa mashine ya baridi. Fikra hiyo ni ya uongo, ni ya gharama kubwa, na inaua watu kimyakimya. Nasema hivyo nikijua kwamba Uganda, Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Kama kuna watu duniani wasio na ruhusa ya kufunga madirisha ya wodi, ni sisi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama. Tangu shule ya msingi tumekariri kwamba nyumba bora huwa na "mzunguko mzuri wa hewa". Maneno hayo yameingia katika vitabu, mabango na hotuba. Lakini kuzunguka ni nini? Kuzunguka ni kwenda na kurudi ulikotoka. Feni ya darini huzungusha hewa. Kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa. Hewa iliyotoka kifuani mwa mgonjwa huzungushwa, hupozwa, kisha huletwa usoni mwa jirani yake ikiwa safi kwa ngozi na chafu kwa mapafu. Wodi haihitaji mzunguko wa hewa. Inahitaji ubadilishaji wa hewa: ya zamani itoke, mpya iingie, na iliyotoka isirudi.

Watu wengi, hata wasomi, huamini kwamba kiyoyozi huvuta hewa kutoka nje. Wanaona sanduku moja ndani na sanduku jingine nje ya ukuta, wanaona bomba linalounganisha masanduku hayo, nao wanahitimisha kwamba hewa hupita mle. Sivyo. Kinachopita katika bomba hilo ni gesi ya kupozea tu. Sanduku la ndani hufyonza hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha chumbani. Kijiwavu kilichomo ndani yake hunasa vumbi na nywele. Hakikutengenezwa kunasa bakteria. Ipo mitambo mikubwa ya majengo inayoleta hewa ya nje na kuichuja, lakini si hiyo tunayonunua dukani na kuitundika juu ya kichwa cha mgonjwa.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu mgonjwa wa kifua kikuu anapokohoa, kuongea au kuimba hutoa chembechembe. Zile kubwa huanguka chini upesi. Zile ndogo hukauka kabla hazijafika sakafuni, nazo hubaki zikielea kwa saa nyingi kama moshi wa sigara usioonekana. Nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya 200 ya milimita moja, kwa hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtu aliyezitoa anaweza kuwa ameondoka chumbani zamani. Wewe ukaingia na kuzivuta.

Hizi si dhana za juzi. Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Katika miaka ya 1930 William Wells alieleza jinsi chembe zilizokauka zinavyoweza kuelea. Katika miaka ya 1950, mjini Baltimore, yeye na Richard Riley waliipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu katika mabomba hadi kwenye chumba cha juu walimowekwa simbilisi, wale wanyama wadogo wafananao na sungura wenye masikio mafupi. Simbilisi hawakuwagusa wagonjwa, hawakula nao wala hawakulala nao. Walivuta hewa yao tu, nao wakaambukizwa. Tangu hapo hakuna msomi anayeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Na dawa yake? Hesabu yake ni rahisi. Hewa ya chumba ikibadilishwa mara 12 kwa saa, asilimia 99 ya chembe zinazoelea huwa zimeondoka baada ya dakika 23 hivi. Ikibadilishwa mara 2 tu kwa saa, kazi hiyo hiyo huchukua zaidi ya saa mbili. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji wa hewa kwa njia ya asili, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wodi za kawaida zipate lita 60 za hewa safi kila sekunde kwa kila mgonjwa, na vyumba vya wagonjwa wa maradhi yanayosambaa hewani vipate wastani wa lita 160. Lita 60 ni jerikeni tatu zile za njano tunazotekea maji. Fikiria jerikeni tatu za hewa mpya kila sekunde kwa kila kitanda. Katika wodi ya bibi, iliyokuwa na vitanda vinane, zilihitajika jerikeni 24 kila sekunde. Sijui zilikuwa zipitie wapi, maana hata tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa.

Hapo ndipo wapenzi wa mashine husema: "Basi tununue mashine kubwa zaidi." Nawajibu kwa mfano wa Lima, mji mkuu wa Peru. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliopima hewa katika vyumba 70 vya hospitali nane mjini humo. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mara 12 kinachopendekezwa kwa vyumba vya mashine, na ni mara 18 ya hali ya chumba hicho hicho kikiwa kimefungwa. Lakini hilo si jambo la kushangaza kuliko yote. Majengo ya zamani, yaliyojengwa zaidi ya miaka 50 kabla, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Majengo mapya yanayotegemea madirisha yalifikia mara 17 tu.

Watafiti hao walikokotoa pia hatari. Kama watu wasio na kinga wangekaa saa 24 pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawajaanza dawa, hesabu ilionyesha kwamba asilimia 39 wangeambukizwa katika vyumba vya mashine, asilimia 33 katika majengo mapya yenye madirisha wazi, na asilimia 11 katika majengo ya zamani yenye madirisha wazi. Mjenzi wa zamani, asiyekuwa na kompyuta, aliwalinda watu kuliko sisi, kwa sababu aliihofia hewa nzito na akaijengea njia ya kutokea.

Majengo ya namna hiyo tunayo. Nenda katika hospitali yoyote kongwe ya misheni au ya serikali katika Afrika Mashariki. Utakuta baraza ndefu, dari iliyoinuliwa, madirisha yanayotazamana pande mbili, na juu ya madirisha matundu ya hewa yasiyofungika. Kisha tazama tunavyoyakarabati. Tunashusha dari ya bodi nyeupe ili chumba kipendeze. Tunaziba matundu kwa saruji. Tunang'oa madirisha yaliyofunguka yote na kuweka yale ya aluminiamu ya kutelezesha, ambayo kwa maumbile yake hayawezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Halafu tunamwita waziri kukata utepe.

Tukitaka kuona kwamba inawezekana kujenga jengo jipya na zuri lenye kupumua, hatuhitaji kwenda Ulaya. Kutoka kwetu Kisoro, ukivuka mpaka wa Cyanika unaingia wilaya ya Burera, nchini Rwanda. Katika wilaya hiyo, huko Butaro, ilifunguliwa mwaka 2011 hospitali ya vitanda 140 iliyojengwa na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na Partners In Health, kwa usanifu wa MASS Design Group. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya milima yetu. Njia za kupita watu ziko nje, ili wagonjwa wasisongamane katika ujia mmoja wenye giza. Dari za wodi ziko juu, na madirisha yako pande zote. Feni kubwa zinazozunguka polepole huisukuma hewa kuelekea kwenye matundu ya kutokea. Juu kabisa ziko taa za miali ya urujuanimno za kuua vijidudu vinavyopanda na hewa. Hata vitanda vimepangwa mgonjwa atazame dirisha na mabonde, asitazame mdomo wa mgonjwa mwenzake.

Wasanifu hao walikuwa na sababu. Katika miaka ya 2005 na 2006, huko Tugela Ferry katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, waligunduliwa wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote. Walikufa 52. Wengi wao walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini siku za nyuma, na uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wakiambukizana. Watu walikwenda kutafuta uzima wakavuta kifo. Butaro ilisanifiwa na watu waliolitazama jambo hilo wakaamua kwamba ukuta nao unaweza kuwa dawa au sumu.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni baridi. Nimezaliwa Kisoro, baridi siihitaji kuelezwa. Butaro iko kwenye milima hiyo hiyo, na wodi zake zina hewa. Mgonjwa anayesikia baridi aongezewe blanketi. Na Kampala, ambako jua linawaka mwaka mzima, kisingizio cha baridi kinatoka wapi, ikiwa baridi yenyewe tunainunua kwa umeme?

La pili ni mbu. Jibu hili nalichukulia kwa uzito, maana malaria ni adui wa kweli. Lakini mbu ana chandarua cha kitanda na ana wavu wa dirisha. Wavu hupunguza kasi ya hewa, kweli, na kwa hiyo dirisha lenye wavu linapaswa kuwa kubwa zaidi, si dogo zaidi. Kuchagua kati ya malaria na kifua kikuu ni kuchagua kati ya nyoka wawili huku fimbo iko mkononi.

La tatu ni wezi. Nondo zipo. Nondo huzuia mwizi, hazizuii hewa.

La nne ni vumbi na moshi wa jiji. Hapa nakubali nusu. Hewa ya Kampala si safi, na kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka, kama yule wa saratani ya damu, hata kuvu zinazopeperushwa na vumbi la ujenzi huweza kumuua. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji hewa iliyochujwa, na vilevile chumba cha upasuaji hakiwezi kuachwa madirisha wazi. Huko mashine ni lazima, na iwe mashine ya kweli: yenye kuleta hewa ya nje, yenye vichujio vinavyobadilishwa kwa wakati, yenye fundi na yenye jenereta. Lakini vyumba hivyo ni vichache. Tuvilinde hivyo kwa fedha tunazozitawanya sasa kwenye viyoyozi vya wodi za kawaida na vyumba vya kusubiria. Mashine isiyo na fundi ni mbaya kuliko dirisha, kwa sababu dirisha likiharibika hubaki wazi, mashine ikiharibika chumba hubaki kimefungwa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kazi ya madaktari na wahandisi, na mwanafunzi wa lugha hayamhusu. Nawakumbusha miaka ya Uviko. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kizazi changu kiliutoa ujana wake kwa ajili ya ugonjwa ule. Kila mlango uliwekwa jerikeni la maji na sabuni. Kila paji la uso lilipimwa joto. Ni milango mingapi iliyowekwa tangazo la "Fungua madirisha"? Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe liliutangazia ulimwengu kwamba ugonjwa huo hausambai hewani, kisha likachukua muda mrefu kubadili kauli. Mwaka 2024 lilitoa istilahi mpya, likikiri kwamba mabishano yale yalichochewa pia na wataalamu wa fani mbalimbali kutoelewana kuhusu maana ya maneno. Kumbe neno likikosewa, watu hunawa mikono huku wakivuta ugonjwa. Na hiyo si kazi ya wanafunzi wa lugha? Basi ni ya nani?

Kwa hiyo nina madai matatu. Kwanza, kwa wenye mamlaka ya afya: hospitali yoyote inayoomba leseni, ya umma au ya binafsi, ionyeshe kwa vipimo ni lita ngapi za hewa safi zinazomfikia kila mgonjwa, kama inavyoonyesha maji na choo chake. Jengo lisiloweza kujibu lisilaze mtu. Pili, kwa wanaoandika zabuni za ukarabati: marufuku kuziba tundu la hewa la wodi kabla ya kuonyesha njia nyingine iliyo sawa nalo. Tatu, kwetu sisi wa Kiswahili, wanafunzi na wahadhiri: tuache kuandika "mzunguko wa hewa" tunapokusudia hewa iingie na kutoka. Tuseme "ubadilishaji wa hewa", tulifundishe hivyo, tulitafsiri hivyo katika mabango ya hospitali, ili siku muuguzi akiulizwa kuhusu dirisha asifikirie baridi inayotoka, afikirie ugonjwa unaotoka.

Bibi alipona akarudi nyumbani. Sijamweleza kilichompata binamu, kwa sababu angejilaumu yeye, naye hana kosa. Muuguzi yule pia hana kosa. Alilala katika hewa ile ile miaka, sisi tuliilala usiku tisa.

Ukumbi tunamosomea fasihi simulizi una madirisha kumi na mawili. Juma lililopita niliyahesabu: mawili tu yalikuwa wazi, na ndani tulikuwa watu zaidi ya mia moja, wengine wakikohoa. Kesho nitafika mapema kuyafungua kumi yaliyobaki. Atakayesikia baridi aje na sweta.